Mtafiti akienda nje kusomea sumu, mkulima wa Rungwe anapata nini?

Msimu wa viazi ukianza upande wa Isongole na Ndaga, simu zinazoingia studioni kwetu hubadilika. Wasikilizaji wanauliza dawa gani inazuia ukungu wa viazi, bomba moja linachanganywa na vifuniko vingapi, na mvua ikinyesha saa mbili baada ya kupulizia inabidi kurudia au la. Tumezoea maswali hayo, na maafisa ugani tunaowaalika huyajibu vizuri.

Lakini lipo swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake. Mzee mmoja alipiga simu, akatusalimia kwa upole, kisha akasema: "Wanangu, walikuja watu wa utafiti hapa kwetu. Wakachota maji ya kijito kwenye chupa, wakachukua na udongo wa shamba langu. Walisema vipimo vitafanyika nje ya nchi. Mwaka wa tatu huu. Majibu huwa yanaenda wapi?"

Hatutataja ni watu wa taasisi gani, maana nao hawakuwepo hewani kujitetea. Ila swali la mzee linawahusu wengi. Kila mwaka watafiti wa Kitanzania hupata ufadhili wa kwenda kujifunza kwenye maabara za nje zinazopima sumu katika mazingira. Baadhi hukaa miezi 3, wengine miaka. Katika makala haya tunaeleza wanakwenda kujifunza nini, nini kimewahi kurudi nyumbani kutokana na safari za namna hiyo, na wilaya kama yetu idai nini.

Dawa ya nani, sumu ya nani?

Tuanze na neno lenyewe. Mkulima husema "dawa". Serikali husema "kiuatilifu". Mtaalamu wa ekotoksikolojia, yaani sayansi ya sumu katika mazingira, atakuuliza swali lingine: ni sumu kwa nani?

Swali hilo si la kuchezea maneno. Angalia chupa ya kiuatilifu dukani. Chini ya lebo kuna mstari wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Wengi wetu tunaamini kwamba rangi hiyo inaeleza ukali wote wa dawa. Sivyo. Rangi inafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, ambayo yanapima hatari ya haraka kwa binadamu, na msingi wake ni vipimo vilivyofanywa kwa panya. Haisemi lolote kuhusu samaki, nyuki wala minyoo ya ardhini.

Chukua saipamethrini, kiuatilifu kinachouzwa sana madukani. Kwa binadamu iko daraja la kati. Kwa wadudu wa majini na samaki ni kali mno, hata kiasi kidogo sana kikiingia kijitoni. Kwa hiyo mtu anayeosha bomba lake mtoni huku akijisemea kwamba "hii si nyekundu" hajadanganywa na lebo. Lebo haikuandikwa kumjibu swali la mto.

Kwetu Rungwe swali la mto ni zito kuliko mahali pengine. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mashamba yetu yako kwenye miteremko. Kinachobaki juu ya udongo hakikai. Kinashuka kwenye vijito, vijito vinaingia Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mito hiyo inapita Kyela hadi Ziwa Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Usipa tunaonunua sokoni Tukuyu umevuliwa huko huko mito yetu inakoishia. Kinachotoka kwetu kinaweza kuturudia mezani.

Huko maabara wanajifunza nini?

Watu wengi hudhani safari ya namna hii ni kwenda kukaa darasani. Kwa kweli sehemu kubwa ni kazi ya mikono.

Tuchukue mfano wa kipimo kimoja cha msingi. Shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, OECD, lina miongozo ya vipimo inayotumika dunia nzima ili majibu ya maabara moja yakubalike katika nyingine. Mwongozo namba 202 unamtumia mdudu mdogo wa majini aitwaye Daphnia magna. Mtafiti anafuga wadudu hao, anachukua walio na umri usiozidi saa 24, anawagawa kwenye vyombo vyenye viwango tofauti vya kemikali, wadudu 20 kwa kila kiwango, na chombo kingine anakiacha na maji safi. Baada ya saa 24 na saa 48 anahesabu wangapi hawaogelei tena. Lengo ni kupata kiwango kinachowalemaza nusu yao.

Kwa maneno ni rahisi, lakini mtihani uko kwenye nidhamu. Ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya wadudu walio kwenye maji safi wamelemaa, kipimo chote kinatupwa, kwa sababu tatizo liko kwa mpimaji na si kwenye kemikali. Ndiyo maana miezi ya kwanza ya mafunzo mara nyingi huishia kwenye kufuga wadudu, kuosha vyombo na kurudia kilekile hadi majibu yafanane.

Vipo vipimo vingine vya samaki, nyungunyungu na nyuki. Upande wa pili kuna mashine za kutenganisha na kutambua kemikali, zinazoweza kuonyesha mabaki madogo mno ndani ya maji, udongo au tunda. Mashine inakuambia kuna nini na kiasi gani. Mdudu anakuambia kiasi hicho kinadhuru au hakidhuru. Ukiwa na kimoja bila kingine, una nusu ya jibu.

Vikuge: pale ushirikiano ulipozaa jibu

Je, kuna mfano wa Tanzania ambapo ushirikiano na maabara za nje ulileta jambo la maana kwa wananchi? Upo, na unafaa kukumbukwa.

Mwaka 1986 shamba la Vikuge, wilayani Kibaha mkoani Pwani, lilipokea shehena kubwa ya viuatilifu kutoka Ugiriki kama msaada. Ndani yake kulikuwa na vilivyokwisha muda. Vikawekwa kwenye banda, na banda hilo baadaye likaanguka. Mvua ikanyesha juu ya sumu.

Mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Kwa mwananchi wa kawaida, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Michael Kishimba na Matobola Mihale, pamoja na wenzao wa Sweden, walipima udongo na maji ya eneo hilo. Matokeo waliyochapisha mwaka 2004 yalishtua. Sampuli za udongo wa juu zilikuwa na hadi asilimia 28 ya DDT na mabaki yake. Sumu ilikutwa hadi sentimita 50 kwenda chini, na ilikutwa pia ndani ya maji ya kisima. Watafiti walisema waziwazi kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe taka hatarishi.

Tanzania ilikuwa mwanachama mpya wa Mkataba wa Stockholm, mkataba wa dunia unaodhibiti kemikali zinazodumu muda mrefu, baada ya kuuridhia mwaka huohuo wa 2004. Bila kipimo, Vikuge ingeonekana ni mahali palipokwisha kusafishwa. Macho yaliona usafi, maabara ikaona sumu.

Uwezo wa namna hiyo haukuja kwa siku moja. Sweden ilianza kusaidia utafiti Tanzania tangu mwaka 1977, na mtindo wake mmojawapo ni mafunzo ya zamu: mwanafunzi anakaa nyumbani kukusanya sampuli, anakwenda Sweden kwa miezi kadhaa kupima na kusoma, kisha anarudi tena. Uzuri wake ni kwamba swali la utafiti linabaki la nyumbani hata pale mashine ni ya ugenini.

Kutoka Cape Town hadi mto wa nyumbani

Mfano wa pili ni mdogo kwa gharama na, kwa maoni yetu, ndio unaotufaa zaidi Rungwe.

Afrika Kusini ina njia ya kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo wanaoishi humo. Dk. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cape Town, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, inayojulikana kwa kifupi kama TARISS. Hakuichukua njia ya Afrika Kusini na kuibandika hapa. Aliijaribu kwenye mito yetu na kurekebisha alama za viumbe kulingana na wale waliopo kwetu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unaingia mtoni na buti na wavu, unatikisa mawe na majani, unamwaga ulichokamata kwenye sinia jeupe, kisha unatambua jamii za viumbe uliowapata. Wapo wasiovumilia uchafu, hao wana alama kubwa. Wapo wanaoishi popote, hao wana alama ndogo. Ukipata wale wa pili tu, mto unaumwa.

Wavu, sinia na buti havihitaji umeme wa masaa 24 wala fundi kutoka Ulaya. Njia hii ina mpaka wake: itakuambia mto unaumwa, haitakuambia ni kemikali gani imeuumiza. Lakini inakuonyesha wapi pa kuchota maji ya kupeleka kwenye mashine, badala ya kupeleka chupa 100 kwa kubahatisha.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalisahau. Ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ziko hapa hapa Tukuyu. Kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR nacho kiko hapa Tukuyu, na watafiti wake wameifahamu mito hii kwa miaka mingi kupitia kazi ya usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo ambao funza wao huishi kwenye maji yanayokwenda kasi. Kwa hiyo watu wanaojua kuangalia wadudu wa mito ya Rungwe wapo. Swali ni kama kazi zao zinakutana na kazi ya anayepima viuatilifu.

Kwa nini majibu ya Ulaya hayatoshi

Kuna msikilizaji atauliza: kama Ulaya wameshapima kemikali hizi zote, kwa nini tusitumie majibu yao?

Tunayatumia, na ni sahihi kuanzia hapo. Lakini yana mapengo matatu.

La kwanza ni joto. Kipimo cha Daphnia tulichokieleza hufanywa kwenye nyuzijoto 18 hadi 22. Hali hiyo inakaribiana na hewa ya Tukuyu, lakini si ya Kyela, ambako ni chini na joto ni kali. Na joto hubadilisha ukali wa sumu, tena si kwa namna moja: viuatilifu vya kundi la saipamethrini mara nyingi huwa vikali zaidi kwenye baridi, wakati vya kundi la oganofosfati kwa kawaida huzidi ukali kwenye joto. Mto mmoja unaoanzia Mlima Rungwe na kuishia Kyela unapita kwenye hali zote mbili.

La pili ni viumbe wenyewe. Mbasa wa Ziwa Nyasa hupanda mitoni kutaga mayai. Je, kifaranga chake ni mgumu au mlaini kuliko samaki wanaofugwa maabara za Ulaya? Jibu haliwezi kutoka Ulaya.

La tatu ni mchanganyiko. Maabara hupima kemikali moja moja. Mkulima hachanganyi moja. Utafiti wa watalaamu wa Tanzania na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa nchi ulikuta kiasi cha theluthi moja wakichanganya viuatilifu kwenye bomba moja, na asilimia 68 walieleza kwamba wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupulizia. Ule ulikuwa utafiti wa kaskazini, lakini yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya shamba la viazi huku kwetu ukungu ukishambulia anajua kwamba hali hiyo hatuwezi kuiita ngeni.

Soko nalo linapima

Hata asiyejali mto atajali bei. Chai na parachichi za Rungwe zinauzwa nje, na huko zinapimwa. Umoja wa Ulaya, pale ambapo haujaweka kiwango maalumu cha mabaki ya kiuatilifu, hutumia kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Tukikiweka kwa lugha ya gulioni: ni gramu moja ya kemikali ndani ya tani 100 za parachichi, yaani malori 10 ya tani 10 kila moja.

Viwango hivyo havisimami. Kloropirifosi ilikuwa ya kawaida mashambani katika nchi nyingi. Ulaya ilikataa kuiongezea kibali mwaka 2020 na kushusha kiwango cha mabaki yake. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm nazo zikaiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, kukiwa na misamaha kwa matumizi machache. Mkulima aliyenunua chupa kihalali dukani anaweza kujikuta zao lake halitakiwi, na habari humfikia baada ya mzigo kukataliwa.

Parachichi ina hatari nyingine. Ua lake linahitaji nyuki ili lizae vizuri. Ukipulizia saa ambazo nyuki wako mauani, unaweza kupata tunda lisilo na kidudu, lakini matunda yenyewe machache.

Baada ya kushuka kwenye ndege

Hapa ndipo safari nyingi hupoteza maana. Mtafiti anarudi na cheti, ujuzi na shauku. Anakuta mashine aliyoizoea haipo, au ipo lakini mtungi wa gesi umekwisha, kemikali za kulinganishia zinaagizwa nje kwa fedha za kigeni, au umeme ukikatika katikati ya kipimo kazi ya siku nzima inaharibika. Anarudi kufundisha nadharia. Baada ya miaka michache anaandika ombi la safari nyingine, maana huko ndiko anakoweza kufanya kazi aliyosomea.

Hatumlaumu mtu huyo. Kisheria, tangu Sheria ya mwaka 2020 ilipoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, nchi ina chombo kimoja cha kusimamia eneo hili, kilichorithi kazi za iliyokuwa TPRI. Makao yake ni Arusha. Kutoka Tukuyu hadi Arusha ni safari ya takribani kilomita 1,000. Sampuli ya maji inayotakiwa kukaa kwenye baridi haisafiri umbali huo kirahisi, na mkulima wa ekari moja hawezi kuipeleka.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba mtaalamu fulani amepata nafasi ya mafunzo nje, pongezi ni sawa, lakini yapo mambo manne ambayo wilaya ina haki ya kuyauliza.

Kwanza, swali la utafiti limetoka wapi? Kama limeandikwa na mfadhili kabla mtafiti hajafika kijijini, ujue majibu nayo yatakwenda kwa mfadhili.

Pili, atarudi kwenye kifaa gani? Fedha ya mafunzo isiyo na fungu la vifaa vya kuanzia nyumbani ni nusu ya mafunzo.

Tatu, nani mwingine atafundishwa? Mtafiti mmoja akirudi na kuwafundisha watumishi watano wa bonde, wa halmashauri na walimu wa sayansi wa sekondari kutumia wavu na sinia, safari imezaa.

Nne, na hili ndilo la mzee wetu: majibu yatarudi lini, kwa lugha gani, na yatasomwa wapi? Makala ya Kiingereza kwenye jarida la kulipia si majibu kwa mwenye kijito. Serikali ya kijiji inapotoa ruhusa ya kuchukua sampuli, inaweza kuweka sharti la kurudishiwa matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, ndani ya muda unaotajwa. Sharti hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mwenyekiti na mtendaji wanaouliza kabla ya kugonga muhuri.

Wakati tunasubiri vipimo

Yapo ambayo hayangoji maabara. Ukimaliza chupa ya kiuatilifu, isuuze mara tatu na maji ya suuzo yamimine ndani ya bomba uyapulizie shambani. Kisha itoboe chupa ili isitumike kuwekea mafuta ya kula wala maziwa. Bomba lioshewe shambani, mbali na kijito. Acha ukanda wa majani bila kupulizia kati ya shamba na maji. Kwenye parachichi iliyochanua, kama ni lazima kupulizia, subiri jioni nyuki wakiwa wamerudi kwenye mizinga. Usichanganye dawa mbili ambazo lebo hazikuruhusu. Na siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo ni sehemu ya bei yako.

Mzee aliyetupigia simu hakuuliza kwa hasira. Alitoa maji yake, akaonyesha njia ya kwenda shambani, na bila shaka aliwapa wageni ndizi kabla hawajaondoka, maana ndivyo tulivyo. Anachodai ni kidogo: aambiwe kama maji wanayokunywa wajukuu zake ni salama. Kama jibu ni baya, alijue. Kama ni zuri, alijue pia, alale usingizi.

Nasi tunatoa nafasi. Mtafiti yeyote aliyewahi kuchota maji au udongo Rungwe na Busokelo, muda wetu wa hewani uko wazi kwake asome majibu. Na wewe msikilizaji, kama walichukua sampuli kijijini kwako, tuambie ni mwaka gani na kijito gani, tutaanza kuuliza kwa niaba yako.